Kucheza na Watoto Walioumia ni Kazi ya Kusomea

Imezuka desturi ambayo haina budi ikemewe mapema kabla haijaota mizizi. Yakitokea maafa mahali fulani, au ikigundulika kwamba watoto wa shule fulani wametendewa ukatili, hupita siku chache kisha huletwa kasha la midoli, mipira na kalamu za rangi. Mwalimu mmoja au wawili, pamoja na ofisa wa ustawi wa jamii, huitwa ukumbini kwa semina ya siku tatu. Siku ya tatu jioni hupewa vyeti na kuambiwa kwamba tangu hapo wanaweza kuwatibu watoto kwa njia ya michezo katika vikundi. Picha hupigwa, posho hulipwa, magari huondoka. Walimu hubaki na watoto arobaini, kasha la midoli, na mzigo ambao hakuna aliyewafundisha kuubeba.

Jambo hili ni kosa, na inafaa lisemwe waziwazi. Tiba ya michezo kwa vikundi ni tiba ya kweli, na kwa sababu hiyo inaweza kuponya na inaweza pia kudhuru. Anayeifanya lazima awe amefundishwa kwa muda wa kutosha, awe amefanya kazi chini ya macho ya aliyemtangulia, na awe na mtu wa kumrudia pale anapokwama. Tunazo njia mbili tu zilizo halali mbele yetu: ama tuwafundishe watu wa kazi hii sawasawa, ama tuache kuliita tiba lile linalofanyika sasa.

Wapo watakaouliza kama suala hili linastahili nafasi hii wakati shule zinahitaji madawati na vyoo. Tuwajibu kwa hesabu. Uchunguzi wa kitaifa juu ya ukatili dhidi ya watoto, uliofanywa mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10 walitendewa ukatili wa kijinsia kabla ya kutimiza miaka 18, na kwa wavulana ilikuwa takriban 1 katika kila 7. Karibu robo tatu ya vijana waliohojiwa, wa kike na wa kiume, walisema kwamba walipigwa au kuumizwa mwili utotoni, na wengi wao waliwataja jamaa zao na walimu wao. Ongeza yatima walioachwa na UKIMWI tangu wagonjwa wa kwanza walipotambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Ongeza watoto walioshuhudia tetemeko la ardhi la Kagera mwezi Septemba 2016, na wale waliokumbwa na maporomoko ya matope ya Hanang mwezi Desemba 2023. Mwalimu wa shule ya msingi anayeingia darasani asubuhi anaingia kati ya watoto hao, awe anajua au hajui.

Tena jambo hili limekwisha kuwa ahadi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1991. Ibara ya 31 ya mkataba huo inamhakikishia mtoto haki ya kupumzika na kucheza. Ibara ya 39 inaitaka kila nchi ichukue hatua za kumrejeshea afya ya mwili na ya nafsi mtoto aliyeonewa, aliyeteswa au aliyepatwa na vita. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na ile ya Zanzibar ya mwaka 2011, zimejengwa juu ya msingi huo. Mataifa hayaahidiani semina. Yanaahidiana kwamba mtoto atapona.

Sasa tuitazame tiba yenyewe, maana wengi wanaoizungumza hawajui inavyofanya kazi. Mtu mzima aliyepatwa na msiba huweza kukaa na mwenzake akaeleza yaliyomsibu. Mtoto wa miaka sita hana maneno hayo. Kilichomo moyoni mwake hukitoa kwa mikono: atamzika mwanasesere mchangani, atamfukua, atamzika tena, atamfanya simba ale kila mnyama aliyemo ndani ya kasha. Aliyefundishwa huuona mchezo huo kama mwalimu aonavyo insha, akasoma kilichoandikwa. Asiyefundishwa huona mtoto mtundu anayeharibu vifaa, akamgombeza.

Kikundi nacho kina nguvu zake. Mtoto aliyedhani kwamba yeye peke yake ndiye mwenye aibu hukutana na wenzake, akaona kwamba hayuko peke yake. Mtoto mkimya humtazama mwenzake akithubutu, naye akathubutu. Mgomvi hugundua kwamba akiendelea kunyang'anya hakuna atakayecheza naye, na somo hilo hulipata kwa wenziwe bila ya kuhubiriwa na mkubwa. Samuel Slavson aliyaona hayo mjini New York alipoanza mwaka 1934 kuwakutanisha watoto wenye matatizo katika vikundi vidogo vya kufanya kazi za mikono na kucheza. Vikundi vyake vilikuwa vya watoto wanane hivi, wa umri unaokaribiana. Wala hakuwakusanya ovyo. Alifundisha kwamba kikundi sharti kipimwe kama dawa ipimwavyo: wamo watoto wanaochochea, wamo wanaotuliza, na wamo wanaofuata mkumbo. Wachochezi wakizidi, kikundi huwa uwanja wa vita. Wakikosekana kabisa, hakuna kinachotendeka.

Haim Ginott, ambaye naye aliwahi kuwa mwalimu wa shule kabla ya kuwa mwanasaikolojia, alichapisha mwaka 1961 kitabu kizima juu ya tiba hii ya vikundi. Swali lake la kwanza lilikuwa: je, mtoto huyu ana njaa ya kukubaliwa na wenzake? Asiye na njaa hiyo hawezi kuponywa na kikundi. Kisha akataja watoto ambao kwa maoni yake wasiingizwe kikundini, bali watazamwe mmoja mmoja. Miongoni mwao walikuwamo wenye ukali uliopita kiasi, waliokwisha kuingizwa katika mambo ya kijinsia yasiyo ya umri wao, na waliotoka karibuni katika mshtuko mkubwa. Wataalamu waliomfuata walitofautiana naye juu ya orodha hiyo, lakini kanuni imebaki pale pale: watoto huchaguliwa kwanza, ndipo hukusanywa.

Linganisheni kanuni hiyo na desturi yetu. Sisi huwakusanya kwanza, tena hasa wale waliotoka jana katika mshtuko, kisha hatumchagui yeyote. Hatuulizi nani aliyempiga nani wiki iliyopita. Mtoto aliyeonewa hukalishwa mkeka mmoja na aliyemwonea, wakaambiwa wachore wanachokikumbuka.

Madhara yake hayahitaji darubini. Mtoto aliyenajisiwa akiigiza yaliyompata mbele ya wenzake ishirini, jioni kijiji kizima kitakuwa na habari, na kesho yake hatakuja shuleni. Kidonda kilichokuwa kimefunikwa kimefunguliwa, na aliyekifungua hana dawa ya kukisafisha wala kitambaa cha kukifunga. Watoto wengine huzoea kikundi, wakaanza kumwamini mtu mzima kwa mara ya kwanza tangu walipoumizwa. Ghafla fedha za mradi zinakwisha na kikundi kinavunjwa bila hata ya kuagana. Mtoto aliyekwisha kuachwa na marehemu mama yake ameachwa tena, safari hii na Serikali na wafadhili. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbua usaha. Katika jambo hili methali hiyo ina maana yake kamili.

Zipo hoja tatu ambazo hutolewa kila jambo hili linapozungumzwa, na kila moja inastahili jibu.

Hoja ya kwanza husema kwamba watoto wetu wanacheza siku zote, hivyo hakuna haja ya wataalamu. Ni kweli watoto wanacheza. Rede, kombolela, mdako, na ile michezo ya kujifanya baba na mama, yote hiyo huwajenga, na shule inayowanyima watoto nafasi ya kuicheza inawadhulumu. Lakini chakula ni kitu kimoja na dawa ni kitu kingine, hata kama vyote viwili hupita kinywani. Mtoto mwenye afya huutumia mchezo kukua. Mtoto aliyeumia mara nyingi hawezi kucheza kabisa, au hucheza jambo lile lile moja mfululizo bila ya kupata nafuu, kama gurudumu lililozama matopeni. Hapo ndipo anapohitajika mtu anayejua lini atulie, lini aseme neno moja, na lini aweke mpaka. Virginia Axline, aliyeandika juu ya tiba ya michezo mwaka 1947, aliweka kanuni nane za kazi hiyo. Ukizisoma zinaonekana nyepesi: mpokee mtoto jinsi alivyo, mwache akuongoze, usimharakishe, weka mipaka ile tu iliyo ya lazima. Mwalimu yeyote aliyewahi kujaribu kukaa nusu saa na mtoto bila ya kumwelekeza, kumsahihisha wala kumsifu anajua jinsi jambo hilo lilivyo gumu. Mafunzo yote ya ualimu yanatusukuma upande wa pili.

Hoja ya pili husema kwamba haya ni mambo ya kigeni. Kwamba vitabu vyake viliandikwa ng'ambo si siri, kama ilivyo kwa vitabu vya tiba ya malaria na vya hesabu. Lakini wazo la kwamba malezi ya kikundi cha watoto ni kazi ya waliofundwa ni letu tangu kale. Katika unyago na jando, mwari hakukabidhiwa kwa mpita njia. Kungwi alikuwa amekaa kwanza chini ya kungwi mkubwa, akatazama, akasaidia, akasahihishwa, ndipo akaaminiwa. Alijua siri za mkoleni na alijua kwamba kuzitoa nje ni aibu ya maisha. Yapo katika desturi hizo ambayo tumeyaacha, na mengine tumeyapiga marufuku kwa haki. Hata hivyo babu zetu wangetushangaa kusikia kwamba mtu aweza kuaminiwa nafsi za watoto arobaini kwa sababu alihudhuria mkutano kuanzia Jumatatu hadi Jumatano.

Hoja ya tatu ndiyo yenye uzito: hatuna fedha, wala hatuna wanasaikolojia wa kutosha kupeleka kila wilaya. Wenye hoja hii huongeza kwamba hata huyo Slavson alisomea uhandisi. Ni kweli. Lakini Slavson aliifanya kazi yake ndani ya shirika la huduma za watoto lenye madaktari na maofisa wa ustawi, wakikaa pamoja kila mara kumjadili mtoto mmoja mmoja. Wala hakuna anayedai hapa kwamba kila anayeongoza kikundi lazima awe daktari. Ushahidi wa kinyume chake tunao nyumbani.

Mwaka 2020 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa Moshi, mjini na vijijini, na Bungoma nchini Kenya, mjini na vijijini. Watoto 640 wa umri wa miaka 7 hadi 13, waliofiwa na wazazi na waliokuwa wakiteswa na kumbukumbu za msiba, waligawanywa. Wengine walipata msaada wa kawaida uliokuwapo, na wengine waliingizwa katika vikundi vya tiba vilivyokutana mara 12, pamoja na vikao vichache vya mtoto peke yake, huku walezi wao nao wakishirikishwa. Tiba hiyo haikuwa ya michezo hasa. Ilikuwa ya mazungumzo na mazoezi. Lakini ilikuwa ya vikundi, ilikuwa ya watoto, na waliokiongoza kila kikundi hawakuwa madaktari wala wanasaikolojia. Walikuwa wananchi wa kawaida waliofundishwa kazi hiyo mahsusi. Tiba ilipokwisha, katika sehemu tatu kati ya nne watoto waliokuwa vikundini walikuwa wamepata nafuu kuliko wenzao. Katika Moshi mjini tofauti haikuonekana. Baadaye, huko Bungoma, walimu na wahudumu wa afya wa jamii walianza nao kuongoza vikundi vya namna hiyo.

Yasomeni matokeo hayo kwa makini, maana yanawajibu watu wa pande zote mbili. Anayesema kwamba kazi hii ni ya madaktari peke yao amejibiwa. Anayesema kwamba yeyote aweza kuifanya amejibiwa pia, kwa sababu viongozi wale hawakupewa kasha na kuachwa. Walifundishwa, wakawa na msimamizi wao waliyekutana naye kila wiki kueleza yaliyotokea kikundini, na msimamizi naye alikuwa na mtaalamu wa kumwuliza. Hata ile sehemu moja ambako tofauti haikuonekana inatufundisha jambo: tiba hupimwa. Semina ya siku tatu haipimwi kamwe, ila kwa idadi ya waliosaini karatasi ya mahudhurio.

Upo mfano mwingine. Huko Marekani, Bernard Guerney na mkewe Louise walianza katika miaka ya 1960 kuwafundisha wazazi wenyewe kucheza na watoto wao kwa njia ya tiba. Katika mpango mmoja uliotokana na kazi yao, mzazi hufundishwa kwa wiki 10, kila wiki saa mbili, ili aweze kucheza nusu saa tu na mtoto mmoja, tena wa kumzaa mwenyewe, huku mwalimu akiutazama mchezo huo na kumsahihisha. Mama anafundishwa wiki 10 kwa ajili ya mtoto wake mmoja. Sisi tunampa mwalimu siku tatu kwa ajili ya watoto arobaini wa watu wengine. Nani kati yetu atasimama kuitetea hesabu hiyo?

Kwa hiyo mambo manne hayana budi yafanyike.

Kwanza, mafunzo haya yawe na mahali pake panapojulikana. Taasisi ya Ustawi wa Jamii iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973 ipo. Vyuo vya ualimu vipo, na vyuo vikuu vinavyofundisha saikolojia vipo. Yaandaliwe mafunzo ya miezi kadhaa kwa maofisa ustawi na walimu wa unasihi waliochaguliwa kwa tabia yao na wala si kwa zamu ya kupata posho. Wajifunze ukuaji wa mtoto, uchaguzi wa kikundi, uwekaji wa mipaka, utunzaji wa siri, na namna ya kumtambua mtoto anayepaswa kupelekwa hospitali au polisi katika Dawati la Jinsia na Watoto. Vitabu vyake viandikwe kwa Kiswahili fasaha, kwa kuwa mtoto atalia na kucheka kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama yake.

Pili, cheti kitolewe baada ya kazi, kisitolewe baada ya vikao vya ukumbini. Mwanafunzi aongoze vikundi halisi chini ya msimamizi kwa muda uliowekwa, na baada ya kuhitimu aendelee kuwa na msimamizi. Wilaya isiyoweza kupata msimamizi isianzishe vikundi vya tiba. Iwape watoto wake uwanja salama, mipira, uji wa asubuhi na mkubwa mwenye huruma, na iviite vitu hivyo kwa majina yake. Michezo ya kawaida ni neema kubwa kwa mtoto, wala haihitaji kuvikwa joho la udaktari.

Tatu, mwalimu asibebeshwe vazi mbili zinazopingana. Haiwezekani mtu yule yule aliyeshika fimbo asubuhi aipokee siri ya mtoto alasiri. Mwalimu aliyeteuliwa kwa kazi hii aondolewe kabisa katika kazi ya kuadhibu, apunguziwe vipindi, na apewe chumba kisichochunguliwa madirishani. Asipopewa hayo, uteuzi wake ni jina tupu.

Nne, fedha zitoke mahali zilipo. Vifaa vya kazi hii si ghali. Udongo wa mfinyanzi, vikaragosi vya matambara, magari ya makopo na wanasesere wa migomba vinaweza kutengenezwa na mafundi wetu, na hata na watoto wenyewe. Kilicho ghali ni muda wa mwalimu na muda wa msimamizi. Fedha zinazokwenda kwa kumbi, chai, mabango na fulana za semina kumi zinatosha kuanzia mafunzo ya kweli ya watu wachache. Afadhali wilaya yenye watu wawili wanaoijua kazi kuliko yenye watu mia moja wenye vyeti.

Ndugu walimu na watumishi wa umma, sehemu ya jambo hili iko mikononi mwenu. Ofisa anayepitisha andiko la mradi aulize, kabla ya kutia saini: nani atawasimamia hawa baada ya mwezi wa kwanza? Watoto watachaguliwaje? Siri zao zitatunzwa wapi? Mradi utakapokwisha, nani atawaaga? Andiko lisilo na majibu lirudishwe lilikotoka, hata kama limeambatana na fedha. Naye mwalimu anayeamriwa kutibu asichofundishwa ana haki ya kukataa, na kwa kukataa huko anawatetea watoto wake. Hatumsifu dereva anayekubali kuendesha basi la abiria kwa leseni ya baiskeli ati kwa sababu ana moyo wa kujitolea.

Moyo huo tunao kwa wingi, na hakuna anayeutilia shaka. Walimu wetu wamewazika wanafunzi wao, wamewalisha yatima kwa mishahara yao, na wamewapokea wageni usiku wa manane. Wanachodai ni kufundishwa kazi kabla ya kukabidhiwa kazi. Daktari tumempa miaka ya kusoma kabla ya kumkabidhi kisu, na mhasibu tumempa miaka kabla ya kumkabidhi vitabu vya fedha. Nafsi ya mtoto wa darasa la pili haiwezi kuwa kitu rahisi kuliko vyote katika nchi hii.